Dawa Alizotupa Nestori

Mpanda, Jumatano

Bado nina hasira. Leo kwenye kikundi chetu cha walioacha pombe, mwenyekiti amerudia yale yale: "Anayemeza vidonge vya akili hajaacha ulevi, amebadilisha chupa tu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomfanya rafiki yangu Nestori atupe dawa zake chooni. Daktari alimwandikia kwa sababu ya sauti alizokuwa anazisikia. Sauti zikarudi. Juzi warina asali walimkuta porini kule Inyonga, hana viatu, haongei. Amelazwa, na hamtambui hata mama yake.

Aliposema hayo leo, nikasimama. "Mwenyekiti, mimi pia nameza, na pombe sigusi. Nestori aliacha dawa kwa kukusikiliza wewe."

Akafunga kikao kwa sala. Jina la Nestori hakulitaja.

Naogopa watanitoa kikundini, na bila wale watu sijui kama nitaweza...

Lakini wakati tunatoka, Mama Kulwa, mwenzetu wa kikundini, alinishika mkono, akaninong'oneza. "Kaka, na mimi nilitupa zangu. Usingizi sipati kabisa. Utanisindikiza hospitali?"

Nimemwambia nitampitia kesho asubuhi.