Kilio Kilichofutwa

Turffontein, Johannesburg

Kaka Elisha,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini salamu ni haki ya mkubwa, nakupa. Mgongo unaendeleaje? Na wifi, sukari imeshuka? Mimi mzima, baridi ya huku tu inanitafuna. Barua hii nimempa Mama Neema, tunasali naye, anakuja Kigoma kuuguza baba yake. Simu zangu hupokei, nifanyeje? Usiichane kabla hujafika mwisho.

Kaka, sitajitetea. Ni mimi niliyesema "nisubirini, nakuja", mkamwacha mama mochwari siku mbili zaidi kwa ajili yangu. Kweli nilifika stendi na begi. Pale kwenye foleni nikafungua pasipoti: kibali cha kukaa kimekwisha. Nikivuka mpaka, hawaniruhusu kurudi, na kazi ndiyo basi tena. Nikageuka. Halafu nikazima simu kwa aibu. Binti pekee wa mama, na kilio chake hakikusikika msibani! Mashangazi wamenisema, nimesikia. Wana haki.

Unamkumbuka Eulalia, yule mwigizaji wa Meksiko ambaye mama alikuwa akisema, "Huyu anaongea kwa koo la mwanangu"? Mwaka wa nne huu namwekea sauti ya Kiswahili hapa studio, filamu zake za zamani na za sasa. Nimemsemea akiwa binti mwembamba anayeigiza kijakazi, mpaka akawa bibi wa kutembelea fimbo. Sasa amefariki, wameleta filamu ya maisha yake, anajisimulia mwenyewe, walimrekodi kabla hajafa. Kumbe mama yake alikuwa dobi! Alimlea peke yake kwenye mji wa migodi, akifua nguo za wachimbaji. Eulalia alianza kwa kupita tu nyuma ya mastaa na trei mkononi, hasemi hata neno. Akapanda. Waume watatu, jumba kubwa, picha kwenye kila gazeti. Mama yake akafa wakati anacheza filamu ya kuchekesha. Bosi akamwambia ukiondoka tunaweka mwingine, naye akabaki, akacheka mbele ya kamera mpaka jioni. Anasema hakuna aliyemfunga kamba, aliogopa tu kupoteza nafasi. Maneno hayo niliyasema kwa mdomo wangu, Kaka.

Miaka mingi baadaye akapewa sehemu ya kulia juu ya jeneza. Alilia hadi wapiga kamera wakashindwa kazi. Ndiyo iliyompa tuzo kubwa, na tuzo yenyewe aliificha kabatini, hakutaka kuiona.

Kilio hicho wamekiweka kwenye hii filamu ya maisha yake, ikabidi nikitie sauti. Kazi yetu ni kufuata midomo: akifungua, fungua; akifunga, funga. Nilifungua, nikashindwa kufunga. Nikamwita mama yetu kwa jina lake. Nikamwambia, walikusubiri, ni mimi ndiye sikuja. Papa Dédé, Mkongo anayeturekodi, akaingia na glasi ya maji.

"Dada, pole sana. Ule mama ameshafunga kinywa zamani, weye ungali unalia. Turudilie."

"Hicho cha kwanza kiache, Papa. Nakuomba."

"Eish, haiwezekane. Na jina ile haiko kwa filamu."

Akakifuta. Nikarudia, safari hii vizuri, kila pumzi mahali pake. Wakubwa wa studio wakaja kukisikiliza, wakasema sharp, yaani safi, wakaenda kula. Filamu ikifika kwenu utanisikia nikilia. Usidanganyike, hicho ni cha mshahara. Cha mama kilikuwa kile kingine, na amekisikia Papa Dédé peke yake.

Nisalimie wifi, na shangazi aliyemwogesha mama, na mwalimu wa kwaya aliyeimbisha siku ya mazishi. Waambie nipo.

Sikuombi unisamehe leo. Nataka jibu moja tu, hata ukimtuma mtu mwingine aniambie: mlimzika wapi? Pembeni ya baba, au kule kwenye makaburi ya kanisa? Hakuna aliyeniambia, nami nimeona haya kuuliza. Mpaka leo namlilia mama na sijui amelala wapi.

Mdogo wako,
Rehema