Fuwele Nyuma ya Dirisha

Jumatatu, 4 Machi

Tofauti bado ni asilimia kumi na nne! Kigunduzi cha mionzi kilicho mezani kinahesabu themanini na sita. Pacha wake niliyemjenga kwenye kompyuta anahesabu mia. Kompyuta inajua tu nilichoiambia, nami nimenakili mchoro wa kiwandani: fuwele inayonasa mionzi iko milimita nne nyuma ya dirisha la kopo lake. Hakuna aliyeiona. Ukifungua kopo, umeiua. Kopo lenyewe limebonyea pembeni. Lilibonyea lini? Maabara nzima haijui.

Profesa anasema nizidishe kila jibu kwa sifuri nukta nane sita, maisha yaendelee. Lakini nikisogeza sampuli, namba hiyo nayo inasogea. Bila saini yake sina shahada. Nimesema nitafikiria. Sifikirii.

Mama kapiga simu. Nimepata mtu? Nimepata tofauti, nikamjibu. Akauliza anafanya kazi wapi.

Jumatano, 6 Machi

Eksirei! Shemeji, mume wa dada, anapiga picha za mifupa hospitalini. Nilikibeba kigunduzi kifuani, kwenye shuka. Watu wakanipisha kwenye foleni. Sikuwasahihisha.

“Mgonjwa avue vitu vyote vya chuma.”

“Atabaki hana kitu, shemeji.”

Fuwele iko milimita tisa nyuma, si nne. Tena imeinama, kama mtu aliyesinzia kitini. Shemeji akatazama picha kwa uso wa kazi. Huyu alianguka, akasema. Pole yake.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeweka tisa. Nimeweka na ule mwinamo. Pacha sasa anahesabu themanini na sita nukta mbili. Karibu, mbali, pembeni — kote pacha wanakubaliana. Nimekunywa maji. Nimeendesha programu tena, kwa raha tu.

Ijumaa, 8 Machi

Profesa alikuwa ameshafungua kalamu asaini fomu yangu ya shahada. Nikaiweka picha juu ya fomu.

 Makala zake zote zimejengwa juu ya zile milimita nne. Akaiinua picha dirishani, akaigeuza, akaigeuza tena. Nani mwingine ameiona? Shemeji yangu, nikasema. Mwanafizikia? Hapana, mtu wa mifupa.

“Akasemaje?”

“Kwamba kilianguka.”

“Hakikuanguka sana,” akasema Profesa.

Kumbe alikuwepo.

Ameniomba nisubiri nje kidogo. Niko kwenye benchi la korido. Fomu yangu iko mezani kwake, bila saini. Hii ninayoandikia ni kalamu yake —