Mwanga Uliopita Juu ya Yolanda

Jumatatu, 8 Septemba 1997
Titye, kijijini kwetu. Chai bila sukari, gazeti la wiki iliyopita, hasira ya leo. Mushi, mpima ardhi wa wilaya, amepima mpaka wa kijiji na kambi ya wakimbizi kwa kidude chake cha mwanga. Mwisho wetu ni mita mia nane kutoka barabarani. Eti shamba la mdogo wangu Yolanda limevuka. Linachukuliwa. Mjane, watoto wanne. Upuuzi.

Jumanne, 9 Septemba
Nimemvaa Mushi mbele ya watu. Kipimo kisichopimwa ni dhuluma yenye betri! Akacheka. "Mzee wa magazeti, kesho lete utepe wako."

Jumatano, 10 Septemba
Nimeazima utepe wa chuma wa mafundi barabara na kipimajoto cha maabara ya sekondari. Mushi ana kifaa cha mkononi cha kupimia joto, upepo na mgandamizo wa hewa. Tumeviweka kivulini pamoja. Sawasawa. Kisha tukanyoosha utepe barabarani, naye akapiga mwanga. Tofauti haifiki upana wa kidole gumba.

Nimempa Mushi mkono. Mimi! Mwanga umekwenda, umegonga ubao, umerudi, sijapepesa jicho. Hata hewa huuchelewesha kidogo, kwa kadiri ya joto lake, na Mushi anauhesabu ucheleweshaji huo. Nimesoma habari za mwanga nusu ya maisha yangu. Leo nimeuona kazini.

Basi shamba limekwenda.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimeomba warudie shambani. Mushi amekubali, kwa huruma nadhani. Yolanda akashika ubao mweupe pembeni mwa shamba, kama alivyoushika siku ya kwanza ya kupimwa. Mzee Ntiruka akapita kwenda kisimani, kama kila asubuhi. "Mwakeye!" Yolanda chini, magoti yote mawili, makofi, ubao umelala majanini. Salamu ya kwetu haikatizwi.

Kidude kikalia. Mushi akasoma. Namba ileile ya kwanza, zaidi ya mia nane.

Mwanga ulikuwa umepita juu ya kichwa chake, ukagonga kichuguu kule nyuma.

"Mama, simama! Utasalimia baadaye!" Mushi akapaza sauti.

Akasimama. Mia saba na kitu. Shamba ni lake.

Kidude hakikudanganya hata mara moja. Kilipima kichuguu, tena sawasawa.

Jumamosi, 20 Septemba
Mvua ya kwanza. Yolanda anapanda maharage. Nilipopita aliweka jembe chini, akapiga magoti kunisalimia. Nyuma yake, kichuguu, wazi kabisa.

Nikasimama mpaka akamaliza.