Kiti cha Bedford

Jumatatu, 5 Julai 1999

Msasa tena. Kutwa nzima nakwangua gari la Singasinga, jipu la jeshi. Kutu imenijaa puani mpaka chai inanuka chuma. Jipu lenyewe la vita vya Wazungu, bibi yangu alikuwa binti. Singasinga anakuja kila jioni kulipapasa kama ng'ombe wa maziwa. Watu wazima hawa, na akili zao, wanacheza na magari mabovu ya jeshi. Mimi silalamiki. Hakuna Moshi nzima anayepiga rangi kama mimi, na nikisema Moshi nimejizuia tu.

Bwana Temba, mwenye gereji, kasema keshokutwa tunapanda Masama, huko mlimani, kuvuta Bedford. Lori la jeshi la Mwingereza. Mwisho wa mwezi kuna maonyesho ya magari ya jeshi ya zamani hapa mjini, watu wanatoka mpaka Nairobi. Kaniambia mbele ya mafundi wote: "Godi, ukilifufua hilo, siku ya maonyesho unaliendesha wewe."

Nimeshawatangazia mtaa wetu wa Njoro, wote. Muuza maandazi kasema ataamini akiniona kwenye usukani. Ataniona.

Jumatano, 7 Julai

Tumelivuta. Nimechoka, ila lazima niandike.

Tulipita Kwa Sadala tukapanda na trekta. Baridi ya Julai, ukungu mpaka kwenye meno. Lori limelala katikati ya kihamba, shamba la nyumbani, migomba imelifunika, kuku wanataga kwenye bodi. Pande zote nne mimea ya masale, imesimama kama uzio, mirefu kunipita. Nikacheka. Masale ni ya mpaka wa shamba, sasa nani kaliwekea lori mpaka? Nikamuuliza mzee aliyetuuzia: "Baba, hili nalo lina hati ya kiwanja?"

Hakucheka. Akasema tufanye upesi, ana safari. Kahawa hailipi siku hizi, kila mtu anauza alichonacho na kukimbilia nyanya. Sikumshangaa.

Masale nimeyafyeka mimi. Mizizi nimeing'oa ili trekta lipite. Panga langu halibembelezi. Mama mmoja wa jirani alisimama kwenye mibuni akaweka mikono kichwani. Nikampungia.

Jumamosi, 10 Julai

Kiti cha dereva kina umbo la mtu. Kweli kabisa. Kimebonyea zaidi upande wa mlango, kama aliyekikalia alipenda kuegemea dirisha. Ngozi imepasuka, ndani manyoya ya farasi na viota vya panya. Nilikibeba nikakitupe. Bwana Temba akapiga kelele utadhani nimebeba mtoto wake. Kiti cha asili hicho! Jaji wa maonyesho anayetoka Nairobi anatazama kiti kwanza, kasema, halafu ndiyo injini. Na huyo jaji hununua. Akilipenda lori analichukua zima, na kiti chake. Basi kikafungiwa stoo, kitashonwa ngozi juu tu.

Chini yake nimeokota chanuo. La chuma, meno marefu, mpini wake umetengenezwa kama ngumi. Mambo ya zamani hayo. Nimelichomeka kwenye nywele zangu na silitoi. Napendeza.

Alhamisi, 15 Julai

LIMEWAKA.

Kabureta nilifungua mara nyingi mpaka naijua kama mfuko wangu. Mafuta yakakataa, yakakubali, likakohoa moshi mweusi, kisha likatulia. Sauti nene. Mafundi wote waliacha spana. Bwana Temba alivua kofia. Nilimwona anafuta macho, akasingizia moshi.

Baadaye kanieleza. Wakati wa vita vya Kagera alikuwa kijana wa umri wangu. Serikali ilikusanya malori ya watu kupeleka askari na vyakula, na madereva wake wakaenda nayo. Alisimama kando ya barabara ya Arusha akiyapungia yakipita, msururu usioisha. Toka siku hiyo anataka lori lake la vita. Nikamwambia wengine hutaka mke. Akanirushia tambara.

Jumatatu, 19 Julai

Siku mbaya.

Nilikuwa napiga rangi ya kijani mara ya pili, naimba. Akaingia mama mmoja mtu mzima, kitenge kisafi, viatu havina vumbi. Kumbe katembea peku, viatu mkononi, kasafisha miguu bombani, ndiyo akavivaa mlangoni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia. Halafu macho yake yakapanda kichwani kwangu yakabaki pale.

"Hilo chanuo umelitoa wapi, baba?"

"La kwenye lori hili, mama. Madukani hayapo tena."

"Ni la Elia."

Akakaa juu ya tairi. Akaeleza taratibu, kama anayesimulia njia ya kufika kwake. Lori lilikuwa la mume wake, alilinunua mnadani kwa Waingereza, likibeba kahawa na ndizi. Mtoto wao Elia ndiye dereva. Vita ikaja, lori likachukuliwa, Elia akaenda nalo. Lori lilirudi. Lililetwa na askari mmoja. Elia hakurudi, wala mwili, wala mtu wa kuonyesha alipozikwa.

Kwetu mtu anazikwa kihambani, na kaburi linapandwa masale. Yeye hakuwa na cha kuzika. Akaliacha lori pale lilipozimwa, akalipandia masale pande zote. Hilo ndilo kaburi la Elia. Mume alikufa. Mwezi huu yeye mama alikwenda Dar kumuuguza binti yake. Nyuma yake shemeji, yule yule mzee aliyetuuzia, akauza lori.

Mimi nilikuwa nimesimama na bunduki ya rangi mkononi. Rangi ikadondokea kiatu changu. Sijawahi kudondosha rangi. Mimi!

Nilivuta chanuo nikampa. Akalishika, akanirudishia. Akasema likae kwangu kwanza, ana kazi nalo baadaye. Lori halitaki tena, limeuzwa na aliyeuza ataona mwenyewe na Mungu wake. Anataka kiti. Elia alikaa hapo. Atakizika hicho.

Bwana Temba alimjibu kwa heshima zote. Baada ya maonyesho, mama. Alimpa na soda. Lakini mimi najua, na yeye anajua najua. Baada ya maonyesho lori linakwenda Nairobi na kiti chake.

Jumatano, 21 Julai

Nilimwambia mama yangu. Alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama.

"Mmeyang'oa?"

"Mimi nimeyang'oa."

"Na mizizi?"

"Na mizizi."

Akasema ndiyo faida ya kuzaa mtoto mjini, anajua masale ya mpaka tu, ya kaburini hajawahi kuonyeshwa. Kosa lake na langu, kasema. Kisha akasema hanipikii mpaka nipeleke isale kwa yule mama. Mtu akikosewa ukamletea jani la isale umelifunga fundo, hakatai kusamehe. Hata aliyeuliwa ndugu hakatai. Lakini mkosaji abebe mwenyewe, apite nalo barabarani watu wamwone.

Nimecheka kidogo. Hakucheka. Ugali nimekula kwa jirani.

Jumamosi, 24 Julai

Nimebeba isale kutoka Kwa Sadala mpaka juu. Kwa miguu. Kila mtu anajua maana yake. Wazee walinipisha njia. Vijana wa rika langu walinyamaza, na mimi vijana wakinyamaza huwa nawachokoza. Leo hapana. Niliona aibu mpaka masikio.

Pale lilipokuwa lori ni shimo na matope, alama za trekta. Zangu.

Nilipiga goti. Nikasema, "Mama, nimelivunja kaburi la Elia, sikujua." Basi. Alipokea jani kwa mikono miwili, akaingia nalo ndani. Akarudi na bakuli la kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, akasimama akinitazama mpaka nimalize. Aliniuliza kiti kinaonyesha Elia alikuwa anaegemea upande gani. Nikasema mlangoni. Akatikisa kichwa. "Nilimkataza kila siku. Kiwiko kilikuwa cheusi kwa jua, kimoja tu."

Wakati wa kuondoka akasema: "Isale nimepokea. Kiti bado."

Jumatatu, 26 Julai

Nimemwomba Bwana Temba. Amekataa. Nikamwambia nitashona kiti kingine, hakuna jaji atakayejua. Kasema jaji huyu anajua mpaka uzi. Nikaomba tena mchana. Akakasirika.

"Godi, lori ni langu, nimelilipia kwa haki. Ukigusa kile kiti, usukani husogelei. Atashika mwingine."

Hakusema kwa ubaya. Anaota siku hiyo toka ujana. Mimi pia naiota, toka mwezi huu tu lakini naota kwa nguvu. Shati la kuvaa limeshapigwa pasi. Muuza maandazi kila asubuhi ananiita dereva.

Nina hasira. Na yeye, na shemeji mtu, na panga langu.

Alhamisi, 29 Julai

Sikutaka kuiba. Ningeweza, kufuli la stoo ni la kitoto. Lakini kaburi nimeshalivunja mara moja, nisije nikamzika Elia kwa wizi.

Asubuhi nilimfuata Bwana Temba nikamwambia kiti nakichukua leo, mchana kweupe, na usukani ampe anayemtaka. Nikamwambia na jambo moja zaidi, lilinijia hapo hapo. Lori hili lilipita barabara ya Arusha katika ule msururu. Wewe ulisimama ukipunga. Huenda Elia alitoa kile kiwiko chake dirishani akakupungia.

Akazunguka lori lote, polepole, akaweka mkono kwenye mlango wa dereva. Mafundi wakawa wanajifanya wanatafuta spana.

Kisha akachukua kofia akaenda kunywa chai. Funguo za stoo akaziacha mezani. Bwana Temba, ambaye huenda nazo mpaka chooni.

Nimekipeleka kiti Masama juu ya pikapu ya kabichi. Nilikishikilia njia nzima. Mama Elia alikipokea mlangoni. Alikigusa pale palipobonyea. Nikatazama pembeni.

Nimerudi, nikaambiwa Bwana Temba ataendesha mwenyewe. Amesema na ametimiza. Nimemheshimu na nimemchukia.

Jumamosi, 31 Julai

Nimeangalia maonyesho kutoka kwenye uzio. Shati la pasi nimelivaa hivyo hivyo.

Magari mengi. Bedford lilikuwa zuri kuliko yote, sijisifu, au najisifu. Rangi haijachuruzika hata chozi moja. Bwana Temba aliliingiza uwanjani akiwa amekalia kreti la soda. Mrefu yule, kichwa kinagonga paa kila shimo, kofia imemshukia machoni. Watu walicheka. Mimi sikuweza. Jaji alipanda, akaona kreti, akauliza. Bwana Temba akajibu kwa ufupi, sikusikia nini. Jaji akashuka akaenda kwa Singasinga. Zawadi imekwenda kwenye jipu. Lori halikununuliwa.

Muuza maandazi alinikuta hapo kwenye uzio. Nilijua ananimaliza.

"Dereva, usukani umeuacha nyumbani?"

Nikasema ndiyo. Akanitazama vizuri, akanipa andazi, akaenda zake. Bora angenitukana.

Jumamosi, 7 Agosti

Tumemzika Elia.

Watu walikuja wengi kuliko nilivyodhani. Binti wa Mama Elia ametoka Dar. Shemeji alikaa mbali, chini ya mgomba, hakuna aliyemfukuza wala aliyemkaribisha. Mwinjilisti alisema mapema haombei kiti, anamwombea Elia. Mama Elia akamjibu, "Na mimi sikukuita uombee kiti." Wakaimba. Shimo nilichimba mimi na vijana wa jirani, pale pale lilipokuwa lori.

Kiti kilivikwa shuka jeupe. Kabla ya kushushwa akaniita mbele za watu. Nikavua chanuo kichwani nikampa. Akalichomeka kwenye shuka, juu, mahali pa kichwa.

Tukiwa tunafukia nikasikia injini. Naijua ile sauti hata usingizini. Inapanda kwa gia ya kwanza, haina haraka. Ikazimika barabarani. Bwana Temba hakuingiza lori kihambani. Aliliacha nje ya ua, akaja kwa miguu, kofia mkononi, akasimama nyuma kabisa. Mama Elia alitazama ile rangi ya kijani kupitia migomba. Alitazama muda. Halafu akaniambia nisisimame, niendelee na jembe.

Masale akanipa nipande. Pande zote nne, hayakufika hata kiunoni. Nilitaka kuuliza nafasi kati ya moja na jingine, nikaona hapana, niliyang'oa mimi, nafasi zake nakumbuka.

Pombe ya mbege ikagawiwa. Nilikunywa kidogo.

Bwana Temba akanirushia funguo za lori. Nikakaa kwenye kreti. Hakukuwa na wa kutuona, ukungu ulishafunga barabara. Nilishuka mpaka Kwa Sadala nikiwa nimeegemea mlango, kiwiko nje, mpaka baridi ikakitia ganzi. Sikukiingiza ndani.