Jani la Sale Mlangoni

Sakina, Arusha
3 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na maumivu ya mguu yamepungua. Mimi sijambo, ila kikohozi cha baridi hii hakijaniacha. Simu zangu hupokei, kwa hiyo nimempa kaka Yona barua akuletee mkononi.

Najua tangu ile picha niliyomchora marehemu mama hatujaongea. Ulisema nimemwanika mama kitandani mwake na ugonjwa wake ili wageni wapite wakimtazama, ukakata simu, na tangu Pasaka ya mwaka jana ndiyo hivyo. Sitaki kubishana. Picha niliishusha, iko chumbani kwangu, nimeifunika kwa kanga yake.

Jumamosi tarehe 22 tunafungua maonyesho Usa River, kwenye ghala la zamani la kahawa, karibu na njia ya kwenda Momela. Wasanii tumejazana humo. Yuko Lesian anayetengeneza ng'ombe kwa vyuma vya magari mabovu, yuko Silantoi wa shanga. Mimi nimechora migomba yetu. Njoo uone, baba, hata kama hutakaa.

Mwanao,
Evelyn

Nkoaranga
24 Juni 2024

Evelyn,

Salamu. Nyumbani hatujambo, kahawa zimeanza kuwa nyekundu. Mguu unauma kama kawaida yake.

Yona amekuambia niliondoka mapema kwenye maonyesho yako kwa sababu ya mguu. Si mguu. Nimeona aibu na sijui pa kuiweka, ndiyo maana naandika.

Pale mlangoni binti mmoja alinipa jani la sale limefungwa fundo. Alitabasamu tu. Wewe umezaliwa huku, unajua kwetu sale haliletwi hivi hivi. Anayekuletea sale anaomba msamaha, na hata kama moyo wako bado unachemka, hulikatai. Nikasema moyoni, mwanangu ameogopa kunikabili, amemtuma mwenzake. Nililipokea kwa mikono miwili. Sikuangalia ng'ombe wa vyuma wala migomba, nilikuja moja kwa moja uliposimama na wale wageni, nikavua kofia, nikasema, "Mwanangu, nimelipokea. Yamekwisha."

Wakapiga makofi.

Nilipogeuka nikaona mzungu mmoja mnene ana sale kwenye mfuko wa shati. Mwenzake anajipepea nalo. Wote walikuwa nalo, mpaka dereva wao. Walidhani mimi ni mzee aliyeletwa kuwaigizia mila. Na wewe ulikuwa unacheka nao.

Jana sikwenda kanisani. Jirani yetu Mzee Melkizedeki alikuja kuuliza kama naumwa, nikamwambia ndiyo. Nimezeeka vibaya, mtu mzima kusema yamekwisha kwa mtoto ambaye hajaniomba kitu.

Baba yako,
Gerson

Sakina
30 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Sitakuuliza hali yako, umeshaniambia, na mimi ndiye niliyeifanya iwe hivyo.

Sale lilikuwa wazo langu. Silantoi alitaka tuwape wageni kitu cha mlimani, nikasema sale, liko kwenye mpaka wa kila shamba, ni zuri na halinyauki upesi. Maana yake niliijua. Nikawaambia wageni ni alama ya amani, nikaishia hapo. Sikuwaza kwamba baba yangu atapita mlango uleule.

Nawe uliposema maneno yale, nilielewa papo hapo. Yule mgeni niliyekuwa naongea naye akaniambia mzee huyu amefanya vizuri sana. Ilikuwa nafasi ya kumwambia huyu ni baba yangu. Nikasema asante, nikacheka. Baba, naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuonea haya mbele ya watu nisiowajua, na wewe ulikuwa umekuja kunisamehe.

Nimemwomba Mzee Melkizedeki akate sale kwenye mpaka wake, anitangulie kuja kwako kama inavyotakiwa. Tuambie siku.

Mwanao mkosefu,
Evelyn

Sakina
11 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Yona anasema uko salama, nashukuru. Sijapata jibu. Mzee Melkizedeki naye anazungukazunguka maneno, hataki kuniambia kama amekuona. Maonyesho tumefunga. Kama hutaki nije, niambie hata kwa mdomo wa Yona, nitaelewa.

Mwanao,
Evelyn

Nkoaranga
1 Septemba 2024

Mwanangu Evelyn,

Hatujambo huku. Kahawa tunaendelea kuchuma, na Yona anachuma kivivu kama unavyomjua. Barua zako mbili za baada ya maonyesho nilizipata. Ya kwanza sikujibu kwa hasira. Ya pili sikujibu kwa aibu.

Mzee Melkizedeki usimlaumu. Mimi ndiye niliyemwambia asikate sale. Nikiletewa sina njia ya kulikataa, na safari hii sitaki mila inisemee. Hata hayo makofi yameshanitoka kichwani. Ninachokionea aibu ni kwamba nililipokea upesi vile kwa sababu nilikuwa nimelisubiri mwaka mzima, na simu zako nilikuwa naziangalia zikiita.

Kuna lingine. Ile picha ya mama yako sijawahi kuiona. Niliambiwa na watu wakati tunatoka ibadani, nikakupigia nikiwa bado uwanjani pa kanisa, nikakutolea maneno yale. Hata kuuliza imechorwaje sikuuliza.

Njoo Jumamosi. Usije na mzee wala jani. Niletee picha hiyo, na kanga yake juu hivyo hivyo, nitaifunua mwenyewe. Wageni wameshamtazama, mimi bado.

Nimepigilia msumari sebuleni, karibu na dirisha. Kama ni pabaya utasema, hiyo ndiyo kazi yako.

Baba yako