Upinde Ulioniachia

Gideru,
mwezi wa kumi, kabla ya mvua

Kaka Gudo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba kuinamia vitunguu vya watu hakujakumaliza mgongo. Shemeji hajambo? Mtoto ameshaota meno? Sisi huku tu wazima, ukiacha hayo nitakayokueleza. Mama anakusalimu sana. Yeye meno yake yamebaki manne, na bado anatutafunia mizizi yote kambini. Kila akisikia pikipiki bondeni anauliza kama ni wewe.

Usinicheke mwandiko. Wewe ulitoroka shule darasa la nne, mimi la sita, kwa hiyo msomi wa ukoo ni mimi. Lakini leo naandika kiwiko nimekiegemeza juu ya gogo, na kila baada ya mistari mitatu napumzika. Mkono wa kulia unaumwa, kaka. Bega limeharibika. Ndiyo habari iliyonifanya nimwombe mwalimu karatasi, ingawa si habari yote.

Mwaka juzi ulipoondoka uliuacha upinde wako umeegemea kibanda cha Mama. Hukusema ni wa nani sasa. Nikauchukua. Unajua mwenyewe ulivyouchonga, mti mzito, mnene katikati, umepimwa kwa mkono wako wewe. Hapa kwetu kila mtu huchonga upinde wa kifua chake, hata watoto wanalijua hilo, na mwenye akili angeuacha pale pale. Mimi nilitaka watu waone nauvuta upinde wa Gudo. Wakaona. Kwa upinde huo nilimwangusha pofu, yule mnyama mkubwa kuliko swala wote, nikaingizwa kwa wanaume wa epeme, wale wanaokula nyama ya siri, nikamwoa Abeya. Kichwa kikanivimba.

Maumivu yalianza masika. Mwanzo yalikuwa kama mwiba juu ya bega, wakati wa kuachia mshale tu. Baadaye yakashuka mpaka kwenye kiwiko. Nikawa siwezi kulalia upande ule, tena siwezi kuinua mkono kuchokoa asali. Sikumwambia mtu. Abeya ndiye aliyenigundua, aliponiona nachota maji kwa kushoto. Nikamwambia nililala vibaya. Akaniuliza, "Umelala vibaya miezi mitatu?" Akaninyang'anya kibuyu, akachota mwenyewe, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Maana nyama ilikuwa imekwisha kwenye moto wetu. Niliweza kupiga ndege na pimbi, wanyama ambao mtu unawavutia upinde nusu. Mama mkwe wangu, Bi Wande, unamjua ulimi wake. Nikileta pimbi anamshika mkia usiokuwapo, anamwambia, "Karibu mgeni, wakubwa zako wametuma salamu?" Watu wanacheka, nami nacheka nao. Kwetu mwanamume asiyeleta nyama hafukuzwi. Anarudi siku moja tu anakuta kibanda kimehama. Nampenda Abeya, kaka. Nilikuwa nahesabu kila asubuhi kama vyombo vyake bado vipo.

Basi nikatafuta hila. Nikaona nikicheza kamari ya magome na wenzangu, nikapoteza mishale yote mizuri, nitakuwa na sababu ya kukaa kambini hata mwezi mzima nikichonga mingine, na bega litapona humo humo. Nikaenda kurusha magome kwenye shina, narusha ovyo makusudi. Kaka, siku niliyotaka kushindwa ndiyo siku niliyoshinda. Mpaka jua limekaa kichwani nilikuwa na mishale kumi na minne ya watu, mingine yenye sumu mpya kabisa. Shemeji yangu Endeko, kaka yake Abeya, alipoteza yote isipokuwa miwili. Akanipiga kwenye bega hili hili, nikaona nyota mchana, akasema, "Shemeji, mwenye mishale ndiye mwenye safari. Kesho twende." Ningekataa kwa neno gani?

Tukatoka alfajiri kuelekea kwenye mawe ya kusini. Njia nzima nilikuwa naomba tusione kitu. Jua lilipoanza kuwaka tukamkuta ngiri dume anachimba, amepiga magoti, meno yake kama vipini vya visu. Endeko akanipa ishara nipige mimi kwanza. Nikamfanyia ishara kwamba nimempa heshima yeye. Akatabasamu, akapiga, mshale ukaingia nyuma ya mbavu, mahali pabaya. Sumu ingemuua, lakini si pale pale. Ngiri akageuka, akamwona Endeko, akamjia.

Nilikuwa hatua kumi. Mshale ulikuwa tayari kwenye kamba na ubavu wote wa yule mnyama uko mbele yangu, ungeupiga wewe macho umefumba. Nikavuta. Kamba ikafika kwenye kifua, bega likaalika ndani, na vidole vikaachia bila ruhusa yangu. Mshale ukaanguka kwenye miguu yangu mwenyewe. Nikavuta tena bila mshale, wazimu tu. Endeko alikuwa ananitazama mimi badala ya kumtazama ngiri, kwa sababu hakuwa na shaka kwamba nitapiga. Hakukimbia. Jino likampasua paja kutoka gotini kwenda juu.

Nilimpiga yule mnyama na upinde wako mgongoni kama mtu anayefukuza mbuzi, akatukimbia. Nikamfunga Endeko paja kwa kitambaa changu, nikakaa nimelibana lile jeraha kwa mkono wa kushoto. Damu ilikuwa inapita katikati ya vidole. Nilidhani ananifia, kaka. Alichoniuliza ni kitu kimoja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shemeji, ulikuwa unangoja nini?"

Hakufa. Nilimbeba kwa bega zima mpaka tukakutana na wanawake wanaochimba mizizi, wakapiga kelele watu wakaja. Pikipiki ya muuza chumvi ikatupeleka zahanati, sisi wawili na dereva. Endeko akashonwa. Daktari akanitazama na mimi, akaniinua mkono, nikalia mbele ya watu. Akasema kano ndani ya bega imechanika, haikukatika yote, imechanika kwa kuvuta kitu kizito kuliko uwezo wake, tena kwa muda mrefu. Nisivute upinde miezi minne. Nifunge mkono, na kila siku nipandishe vidole ukutani polepole mpaka maumivu yaseme basi. Nikamwambia tunakolala hakuna ukuta. Akafikiri, akasema nitumie mti. Kwa hiyo kila asubuhi napanda mti kwa vidole, na watoto wananizunguka wananihesabia.

Tuliporudi, wanaume waliniita mahali pao. Mzee Sapo alinibonyeza bega kwa kidole gumba, akauliza mbele ya wote kama nimewahi kula nyama ya epeme peke yangu. Wewe unajua kwa nini aliuliza. Figo na moyo wa mnyama mkubwa huliwa na wanaume walioingia, wakiwa pamoja, mbali na macho ya wengine, na anayekula peke yake, nyama hiyo humrudia mwilini kwa ugonjwa. Nikajibu kwamba tangu niingie sijawahi. Lilikuwa jibu la kweli, nami nililichagua kama mtu anayechagua pa kukanyaga penye miba. Mzee Sapo akatikisa kichwa, akasema haya bwana, ugonjwa tu.

Nikarudi kwangu nikamkuta Endeko amelazwa kivulini, mguu umevimba. Abeya alikuwa amemwambia yote kuhusu bega. Nilitarajia matusi. Endeko aliniambia tu kwamba angejua asingenitazama mimi, angekimbia, basi. Wiki tatu nilikuwa napita mbali naye nisione lile paja. Wiki ya nne, alipoanza kusimama, nikaona siwezi tena.

Sasa kaka, kaa chini kama umesimama.

Ile siku ya tandala uliyempiga wewe, uliponiacha nimlinde ukaenda kuita watu wabebe, nilikuwa na ndevu tayari lakini sijaingia. Nilikuwa na njaa ya siku mbili. Nikawasha moto, nikala figo zote mbili, nikala na moyo. Nilijua ninachokula. Ulirudi ukiwatangulia watu, ukaona moto, ukanitazama. Ukaja ukanipangusa kidevu kwa kiganja chako, mafuta yakaishia kwako. Wanaume walipofika wakauliza nyama yao iko wapi, ulionyesha kiganja ukasema njaa ilikushinda.

Walikufukuza mahali pao. Hukungoja hata mwezi uandame, ukashuka kwenda mashambani. Nami nilisimama pembeni ya Mama nikiangalia mgongo wako, kidevu kikiwa kikavu.

Miaka miwili nimejifanya kana kwamba sikuuhisi mkono ule. Nimejiambia labda kaka alidhani ni matope. Nimekaa kwenye nafasi yako, nimekula nyama ile pamoja nao, nimeuvuta upinde wako mpaka umenichana. Daktari anasema ni kano, Mzee Sapo angesema ni epeme. Sijui. Ninachojua ni kwamba nilivuta kisicho changu, na aliyepasuliwa ni Endeko, kama vile aliyefukuzwa alikuwa wewe. Nimeona haya, kaka. Nisamehe.

Jana nimewaambia. Nilisimama mbele yao nikasema yote, mpaka habari ya kidevu. Halafu Mzee Sapo akasema, "Miaka miwili mlima huu umekosa mpigaji wake kwa ajili ya kidevu chako." Akaniita mpumbavu, akakuita na wewe mwongo, kisha akajiita mwenyewe mpumbavu mkubwa zaidi kwa kukuamini haraka. Wamekata hivi. Nyama ikiliwa, mimi nitakaa na wanawake na watoto mpaka siku utakayorudi ukae mahali pako. Siku hiyo nitaruhusiwa kukaa nyuma yako. Usiporudi, nitazeekea upande ule, nami sitalalamika. Abeya alipopata habari alihamisha vyombo vyake hadi kwa mama yake, asubuhi akavirudisha. Sijamuuliza kwa nini.

Anayekuletea barua hii ni Endeko. Anachechemea lakini alikataa aende mwingine. Amekuja na upinde wako. Mara tatu nilishika kisu ili niupunguze unene uwe saizi yangu, mara tatu nikakirudisha. Haujaguswa. Kama moyo wako umekataa, uvunje mbele yake, aniletee vipande, nitaelewa bila maneno. Lakini ukikubali, usimwache Endeko aubebe. Uje nao mwenyewe ukiwa na kamba yake, watu wakuone tangu bondeni.

Nisalimie shemeji, na mtoto umbusu kwa niaba yangu. Mama anasema asali ya mwaka huu ameiweka kando kidogo, na amekataa kusema ni ya nani. Hapa naweka kalamu chini, bega limekwisha kusema basi.

Mdogo wako,
Maroba