Moto wa Bi Shanta

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hapa Kilburn, huku ughaibuni, baridi inang'ata masikio, lakini shoga yako Bi Shanta nimempata! Kanenepa, na Kiswahili chake ni kile kile cha Unguja. Nilikuwa naogopa nitamkuta na kinyongo, maana baada ya Mapinduzi aliondoka akaacha nyumba na kila alichokuwa nacho. Kumbe amejaa kicheko.

Kila asubuhi hukaa chini, akafumba macho, akafanya tafakuri ya Kitantra ya dini yao ya Kihindu. Hujifikiria moto unamwanzia kidole gumba cha mguu, unapanda polepole mpaka mwili wote unakuwa majivu, kisha dunia nayo.

"Ndiyo dawa ya moyo unaong'ang'ania," akaniambia. "Ile nyumba niliichoma humo mpaka nikaacha kuililia."

Akanikalisha nami nijaribu. Moto wangu ulikuwa umefika magotini tu, mkwewe akaanza kukaanga bajia jikoni, tumbo langu likanguruma. Bi Shanta akafumbua jicho moja, tukacheka mpaka machozi yakatutoka.

Tulipokuwa tunakula nikamuuliza kama kuna kitu kilichomshinda kukichoma. Akaweka kikombe cha chai chini.

"Mama yako," akasema. "Kila nikimtia motoni, anatoka anacheka."

Nakubusu mikono yote miwili, Mama. Mungu akuweke.

Mwanao,
Rukia